Tamko Halivunji Ushirika, Wala Haliujengi

Tarehe 16 Oktoba 2025, siku kumi na tatu baada ya Askofu Sarah Mullally wa London kutajwa kuwa Askofu Mkuu ajaye wa Canterbury, kiti cha heshima cha Waanglikana duniani, maaskofu wakuu wa GAFCON, umoja wa Waanglikana wahafidhina, walitoa tamko lililosainiwa na mwenyekiti wao, Askofu Mkuu Laurent Mbanda wa Rwanda. Tamko hilo lilivikataa vifungo vyote vinne ambavyo Waanglikana tumezoea kufundishwa kuwa ndivyo vinavyotushika pamoja: kiti cha Canterbury, Mkutano wa Lambeth unaowakusanya maaskofu wa dunia nzima, Baraza la Ushauri la Anglikana na kikao cha maaskofu wakuu. Msingi ni mmoja tu, walisema, nao ni Biblia. Majimbo yakahimizwa kuondoa kwenye katiba zao maneno yanayoyafunganisha na Canterbury, yasilichangie Baraza wala kupokea fedha zake. Tangu siku ile nimekuwa nikisikia tafsiri mbili. Moja ni ya msiba: Ushirika wa Anglikana duniani umekufa. Nyingine ni ya shangwe: ushirika wa kweli ndio kwanza umezaliwa. Wanaolia na wanaoshangilia wamekubaliana jambo moja bila kujua, kwamba undugu wa watu waliotawanyika kutoka Mpwapwa hadi Melbourne unakaa ofisini, hivyo ofisi ikihamishwa nao unahama. Nasema hapana. Undugu huo umejengwa na watu waliolala katika nyumba za wenzao, waliosamehe madeni, waliotajana kwa majina katika sala kwa miaka mingi. Tamko haliwezi kuuvunja kwa siku moja, na kwa sababu hiyo hiyo haliwezi kuujenga kwa siku moja. Kuna namna linavyoweza kuuchosha polepole, nayo ndiyo hatari ambayo kelele za pande zote mbili zinaificha.

Lugha yetu inaweza kutusaidia hapa kuliko Kiingereza kilichotumika kuliandika tamko. Neno ushirika kwetu linabeba mizigo mingi. Mkulima wa kahawa Kilimanjaro au wa pamba Shinyanga akisema ushirika, anakumbuka mizani, ghala, mazao yanayopelekwa pamoja na hasara inayogawanywa pamoja. Muumini akisema Ushirika Mtakatifu anazungumzia mkate na divai. Mlokole akisema kesho tuna ushirika, ana maana ya jioni nyumbani kwa mtu, jamvi limetandikwa, watu wanashuhudia na kuimba. Mlutheri akisema usharika anataja kundi la waumini wa mahali pake. Katika matumizi yote hayo hakuna hata moja linalomaanisha kwanza uongozi wa juu. Kila mara ni tendo la kushiriki kitu kinachoshikika: chakula, hasara, wimbo, kilio. Nasi tukimaliza msiba hatusemi fulani alikubaliana nasi, tunasema alishiriki. Ndiyo maana nashangaa tunapojadili Ushirika wa Anglikana kama vile ni kampuni inayobadilisha makao makuu.

Waliosoma historia ya kanisa watanikumbusha kwamba hata hiyo Canterbury haikuwekwa na mitume kuwa mlango wa undugu wetu. Mkutano wa kwanza wa Lambeth ulifanyika mwaka 1867, ukihudhuriwa na maaskofu 76, na uliitishwa kwa sehemu kubwa kwa sababu ya ugomvi uliowashwa Afrika, ule wa Askofu Colenso wa Natal na mafundisho yake juu ya Maandiko. Ushirika huu ulizaliwa katika mabishano. Na sisi wa Afrika Mashariki tuna ugomvi wetu wenyewe ambao wengi wameusahau. Mwaka 1913, katika kituo cha misheni cha Waskoti pale Kikuyu, maaskofu wawili wa Kianglikana, Peel wa Mombasa na Willis wa Uganda, walikutana na wamisheni wa madhehebu mengine ya Kiprotestanti kutafuta namna ya kufanya kazi pamoja, na mwishoni wakashiriki meza moja ya Bwana. Habari zilipomfikia Frank Weston, Askofu wa Zanzibar, alishtuka, akamwandikia Askofu Mkuu wa Canterbury akitaka wenzake hao wawili wahukumiwe kwa uzushi. Mwaka 1915 akaenda mbali zaidi, akatangaza kwamba yeye na dayosisi yake hawana tena ushirika na Hereford, dayosisi ya huko Uingereza, kwa sababu askofu wake alimpa cheo mwanatheolojia ambaye Weston alimwona amekengeuka. Tamko la Oktoba lina babu yake, na babu huyo aliishi Unguja.

Lakini tazama kilichofuata, kwa maana ndipo somo lilipo. Zanzibar ya Weston ilikuwa ya ubani, kengele na maungamo kwa padri, iliyopandwa na misheni ya vyuo vikuu ya UMCA. Mombasa na Dodoma zilikuwa za CMS, misheni ya Waanglikana wa kiinjili, za mahubiri na Biblia mkononi. Pande hizo mbili zilikuwa hata na Biblia mbili za Kiswahili, moja ya Kiunguja na nyingine ya Kimvita. Mwaka 1952 ikatoka Biblia ya Muungano, ile tunayoisoma hadi leo, kazi ya watu waliolazimika kuketi pamoja na kukubaliana neno kwa neno. Mwaka 1960 likaundwa Jimbo la Afrika Mashariki lenye kambi zote mbili ndani yake, na mwaka 1970 Jimbo la Tanzania chini ya Askofu Mkuu John Sepeku. Leo kasisi wa Masasi anayefukiza ubani na mchungaji wa Dodoma aliyelelewa na walokole wanakaa sinodi moja, kikao kikuu cha kanisa. Hakuna aliyetoa tamko kwamba ugomvi wa 1913 umekwisha. Uliyeyuka kwa sababu watu walitafsiri pamoja, wakafundisha shule pamoja, wakazikana. Jimbo letu lenyewe ndilo ushahidi wangu wa kwanza.

Ushahidi wa pili ni mkubwa zaidi, nao ni uamsho wa Afrika Mashariki. Septemba 1929, pale Namirembe, Kampala, Mganda aitwaye Simeoni Nsibambi alikutana na daktari Mwingereza, Joe Church, aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali ya Gahini, Rwanda. Wote wawili walikuwa wamechoka rohoni. Wakafungua Biblia pamoja, wakasali pamoja, Mwafrika na Mzungu katika enzi ambayo wengi wa rangi zao wasingeketi meza moja. Kutoka hapo moto ukaingia Gahini, ukapanda Kigezi, ukashuka Buganda, ukavuka hadi Burundi, Bukoba, Kenya na Tanganyika ya kati. Ndugu hawa hawakuwa na makao makuu wala kadi ya uanachama, wala askofu wao. Walibaki ndani ya makanisa yao, ingawa makanisa hayakuwapokea vizuri kila mara. Mwaka 1941 chuo cha theolojia cha Mukono, Uganda, kiliwafukuza wanafunzi 26, William Nagenda akiwa mmojawao. Kilichowaunganisha ni wimbo mmoja wa Kiganda, Tukutendereza Yesu, unaoimbwa hadi leo na watu wasiojua neno jingine lolote la Kiganda, na mstari mmoja wa waraka wa kwanza wa Yohana: “bali tukienenda nuruni, kama yeye alivyo katika nuru, twashirikiana sisi kwa sisi.”

Kutembea nuruni kulikuwa na utaratibu wake, na inafaa kuueleza kwa sababu vijana wengi wanaujua kwa jina tu. Ndugu walikutana mara kwa mara. Mtu alisimama akaungama dhambi kwa jina lake, si kwa mafumbo: nimeiba, nimemchukia fulani, nimewadharau watu wa kabila lile. Wenzake wakamwimbia. Kama aliiba, alitarajiwa kurudisha, na kumbukumbu za miaka ile zimejaa habari za watu waliorudisha ng'ombe, jembe au fedha walizochukua miaka mingi kabla. Kama alimkosea ndugu, alikwenda kwake. Mgeni aliyefika kutoka mbali na kusema ameokoka alipokelewa ndani, akapewa kitanda, bila barua ya askofu. Ndugu wa kike walisema mbele ya wanaume, jambo ambalo mila nyingi hazikuliruhusu. Na mipaka ya madhehebu ilivukwa: Bukoba uamsho uliingia kwa Walutheri, na Josiah Kibira, aliyekuwa ndugu wa uamsho, akawa askofu wao, kisha mwaka 1977, katika mkutano uliofanyika Dar es Salaam, akachaguliwa kuwa rais wa Shirikisho la Walutheri Duniani, Mwafrika wa kwanza kukalia kiti hicho. Festo Kivengere wa Kigezi alifika Dodoma mwaka 1946 kama mwalimu na akakaa miaka mingi, Mganda wa mpakani akihubiri kwa Wagogo. Nani alimtuma? Ndugu walimtuma, nao ndugu wa Dodoma wakampokea.

Ushirika wa namna hiyo ulipimwa motoni. Wakati wa Mau Mau, ndugu wa Kikuyu walikataa kula kiapo kwa sababu walisema wamekwisha kunywa damu ya Kristo, na wengi wao wakakataa pia kubeba bunduki ya serikali; wakachukiwa na pande zote, na baadhi wakauawa. Januari 1964, Mchungaji Yona Kanamuzeyi wa Nyamata, Rwanda, aliyekuwa akiwahudumia watu waliofukuzwa makwao kwa sababu ya kabila, alichukuliwa usiku akauawa. Februari 1977, Idi Amin alipomuua Askofu Mkuu Janani Luwum, ambaye naye aliokoka kwa njia ya ndugu hawa, Kivengere alitoroka kwa miguu na mkewe wakavuka milima usiku hadi Rwanda. Alipokea ukarimu wa watu ambao hakuna katiba ya kanisa iliyowalazimisha kumpokea. Waswahili tunasema undugu ni kufaana, si kufanana, na sijui kama kuna kundi lililoishi methali hiyo kwa gharama kubwa kuliko hao.

Sitaki kuwapamba. Gahini, kitovu cha moto huo, iko Rwanda, na Rwanda ndiyo nchi ya mauaji ya kimbari ya 1994. Watu walioimba Tukutendereza pamoja hawakuokolewa na wimbo huo, na baadhi ya viongozi wa makanisa, Waanglikana wakiwemo, walikuwa wamejisogeza karibu mno na watawala kiasi kwamba hawakuweza kusema neno. Wapo ndugu waliokufa wakiwaficha wengine, na wapo waliogeuka. Uganda nako, mnamo 1971, walokole wenyewe waligawanyika pale kundi la Waliozinduka, kwa Kiganda Bazukufu, liliposhikilia kwamba ndugu wa kweli hakopi. Ugomvi kuhusu mkopo ukawafanya watu waliomwaga machozi pamoja wasisalimiane njiani. Nayataja haya kwa sababu hoja yangu ingekuwa nyepesi kama ningedai kwamba ushirika wa jamvini ni salama kuliko ushirika wa ofisini. Si salama. Unavunjika pia. Lakini angalia unavyovunjika: ni pale watu wanapoacha kuambiana ukweli uso kwa uso, au pale kundi linapoongeza sharti moja jipya la kuwa ndugu. Hakuna aliyeuvunja kwa waraka kutoka mbali.

Sasa nizipe hoja za pande zote haki yake. Wanaotetea vifungo vya zamani wanasema urafiki bila muundo ni moshi. Mikutano ya Lambeth iliwakutanisha maaskofu wa dunia nzima, na uhusiano wa dayosisi ya Salisbury na kanisa la Sudan umedumu tangu mwaka 1973, kupitia vita, njaa na kugawanyika kwa nchi. Worcester na Morogoro, Rochester na Mpwapwa, Gloucester na Tanganyika Magharibi: urafiki huu wa dayosisi na dayosisi uliwezekana kwa sababu kulikuwa na familia moja inayotambulika, ambayo padri wake anaweza kusimama madhabahuni kwa mwenzake bila kuulizwa maswali. Ondoa utambuzi huo, wanasema, na kila safari itahitaji mazungumzo mapya. Hoja hii naiheshimu. Ni kweli kwamba ukuta hulinda moto usizimwe na upepo. Hata wao wanakubali kwamba ukuta una nyufa: mapendekezo ya Nairobi na Cairo, yaliyotolewa mwishoni mwa 2024 na tume ya ushirika wenyewe, yalitaka uongozi wa vikao vya dunia usiwe wa Canterbury peke yake. Kwa hiyo kubishania kama kiti kile kibaki kilivyokuwa ni kupigania nyumba ambayo hata wenyewe wamekwisha kuita fundi.

Upande wa GAFCON una hoja yenye uzito pia, na wanaoidharau hawajaisikiliza. Azimio la Lambeth la mwaka 1998 lilisema wazi msimamo wa maaskofu juu ya ndoa, kwamba ni ya mwanamume na mwanamke. Mwaka 2003 kanisa la Marekani likamweka wakfu askofu aliyekuwa akiishi na mwenzi wa jinsia yake, na mwaka 2023 sinodi ya Uingereza ikakubali sala za kuwabariki wapenzi wa jinsia moja. Majimbo mengi ya Afrika yalilalamika, kadhaa yakasusia Lambeth ya 2008, kisha Nigeria, Uganda na Rwanda zikasusia ya 2022, na mwaka 2023 wajumbe zaidi ya 1,300 kutoka nchi 52 wakakutana Kigali wakasema hawamwamini tena Askofu Mkuu wa Canterbury kama kiongozi wa ushirika wao. Kila mara walijibiwa kwamba tuendelee kutembea pamoja. Mtu anayeambiwa tutembee pamoja huku njia inachaguliwa na mwingine ana haki ya kuuliza hiyo ni safari ya nani. Ushirika usio na ukweli unaoungwa mkono na wote ni adabu tu ya mezani. Hapo nakubaliana nao kabisa, na walokole wa kale wangekubaliana nao.

Lakini wanapovuka hatua inayofuata na kusema kwamba kukubaliana katika mafundisho ndiko ushirika wenyewe, hapo siwafuati. Luka aliposimulia kanisa la kwanza aliandika kwamba walidumu “katika fundisho la mitume, na katika ushirika, na katika kuumega mkate, na katika kusali.” Fundisho na ushirika vimetajwa kimoja kimoja, kwa maana cha kwanza hakileti cha pili chenyewe. Na tuna mfano wa karibu. Januari 2000, Askofu Mkuu wa Rwanda na mwenzake wa Kusini Mashariki mwa Asia waliwaweka wakfu huko Singapore maaskofu wawili Wamarekani waliokuwa wamechoshwa na kanisa lao, na ukaanzishwa utume wa Kianglikana Marekani uliokuwa chini ya Rwanda. Hapo ugomvi haukuwa wa mafundisho. Katika suala lililowakutanisha walikubaliana. Desemba 2011, askofu aliyeuongoza utume huo alijiuzulu kutoka nyumba ya maaskofu wa Rwanda, baada ya mvutano kuhusu mamlaka na maswali kuhusu fedha. Miaka kumi na moja ya makubaliano hayo haikutosha kuwafanya waaminiane walipotofautiana kuhusu nani ana neno la mwisho. Kilichowaunganisha kilikuwa adui mmoja, na adui mmoja huunganisha watu kwa muda mfupi sana.

Ipo hoja ya tatu, inayorudiwa sana mijini na katika magazeti ya Ulaya, nayo ndiyo dhaifu kuliko zote: kwamba maaskofu wa Afrika wanacheza ngoma ya matajiri wahafidhina wa Marekani, na kwamba tamko la Oktoba ni bidhaa ya kununuliwa. Hoja hii inatutukana huku ikijifanya inatutetea. Kwanza, haisomi historia. Uganda ilikata ushirika na kanisa la Marekani mwaka 2003 na kukataa fedha zake. Desemba 2006, maaskofu wa Tanzania walikutana Dar es Salaam wakatangaza kwamba hawatapokea kwa kujua misaada kutoka kwa waliokubali mambo hayo. Tunajua maana yake kwa dayosisi ambazo zahanati, visima na vyuo vya Biblia vilikuwa vikitegemea wafadhili kutoka nje. Mtu anayenunuliwa hachagui kupoteza. Unaweza kuona uamuzi ule haukuwa wa busara, na wapo Waanglikana wa hapa hapa walioona hivyo, lakini huwezi kuuita biashara. Pili, hoja hii haitaki kukiri kwamba Mwafrika anaweza kusoma Biblia aliyoletewa na kufikia hitimisho ambalo aliyemletea halipendi. Weston wa Zanzibar alipopinga Canterbury hakuna aliyesema amenunuliwa. Walisema ana msimamo. Ndiyo, fedha za nje zipo pande zote mbili, na zinapaswa kuwekwa wazi pande zote mbili. Lakini kuanza na kumalizia hapo ni kukataa kujibu swali lililoulizwa.

Vivyo hivyo sioni sababu ya kulifanya suala hili kuwa la Askofu Mullally kwa sababu ni mwanamke. Tamko la kwanza la Askofu Mkuu Mbanda kuhusu uteuzi wake liligusa jambo hilo, lakini ndani ya GAFCON yenyewe hakuna msimamo mmoja. Kenya ina Askofu Rose Okeno wa Butere, aliyewekwa wakfu mwaka 2021, na Sudan Kusini ilikuwa imetangulia. Wanaoishi na tofauti hiyo bila kuvunja meza wanatufundisha, labda bila kukusudia, kwamba ushirika unaweza kubeba tofauti nzito pale watu wanapojuana. Mipaka ya kinachobebeka ndilo suala lenyewe, na halijibiwi kwa kusema hakuna mipaka wala kwa kusema kila tofauti ni mpaka.

Bibi yangu alikuwa mkulima wa karanga na mtama katika Dodoma vijijini, mwanachama wa Mothers' Union kwa maisha yake yote ya ndoa. Ndani ya Kitabu chake cha Sala kulikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne, yenye majina ya dayosisi za mbali zilizopangwa kwa siku, kwa sababu umoja huo, ulioanzishwa na Mary Sumner mwaka 1876, huwapangia akina mama wa dunia nzima zamu za kuombeana. Majina hayo aliyatamka vibaya vibaya. Hakujua Lincoln iko wapi. Lakini mara moja alinyanyuka katikati ya sala, akaniambia nikamsomee barua iliyotoka huko, ya mama mmoja aliyefiwa na mume, ili amtaje vizuri. Aliomba kwa ajili ya mjane yule kwa zaidi ya mwaka. Hakuwahi kujua askofu wa mjane yule anaamini nini, wala sidhani kama mjane yule alijua bibi yangu anakula nini. Sijaona kifungu chochote cha tamko lolote kinachoweza kugusa jambo lile, na sijaona ofisi yoyote ya Canterbury iliyolisababisha peke yake pia.

Wala si jambo la vijijini pekee. Fikiria familia ya Kikongo iliyokaa miaka ishirini katika kambi ya Nyarugusu, Kasulu, ikibatiza watoto wake katika kanisa la Kianglikana la kambini chini ya Tanganyika Magharibi, ikiimba kwa Kiswahili cha Kivu. Inapelekwa kuishi Marekani. Mji inaofikishwa una makanisa mawili yenye jina la Anglikana: moja la Episkopo, lile kanisa la Marekani nililolitaja, jingine la jimbo lililoundwa mwaka 2009 na walioondoka humo. Wote wawili wanawapenda, wote wawili wanawatafutia sofa na majaketi ya baridi. Na wote wawili, siku moja, watawauliza wako upande gani. Watu waliokimbia vita vya wenyewe kwa wenyewe hawahitaji swali hilo wiki ya kwanza. Kwao ushirika ni nani anawafuata hospitali saa nane za usiku na kukaa nao kama mkalimani. Katika miji kadhaa ya Marekani waumini wa Kiswahili wamejibu kwa kukutana wenyewe Jumapili jioni, wakiazima jengo la yeyote anayekubali, na wakiendelea kuitana ndugu kana kwamba mgawanyiko haukuwahusu. Ningependa maaskofu wetu waende kukaa nao kabla ya kupiga kura.

Kwa maana kura zitapigwa. Majimbo yatakayofuata mwito wa Oktoba yatalazimika kupeleka mabadiliko ya katiba kwenye sinodi zao, na Jimbo letu la Tanzania, lenye ubani na ulokole ndani yake, halitakuwa na mjadala mwepesi. Hapo ndipo uchovu wa polepole nilioutaja mwanzo unapoingia. Tamko halitamzuia bibi yeyote kuomba. Lakini karatasi ile ya majina inachapishwa na mtu, barua inapelekwa na mtu, safari ya vijana kutoka Worcester kuja Morogoro inapangwa na kamati. Mambo haya hayafi kwa kupigwa marufuku. Yanakufa kwa kuachwa mwaka huu kwa sababu hali si nzuri, na mwaka ujao kwa sababu mwaka jana hayakufanyika. Kizazi kimoja kikipita hivyo, watoto watarithi msimamo bila kurithi hata jina moja la mtu wa upande wa pili. Weston na Willis waligombana wakijuana kwa majina na kwa nyuso. Hiyo ndiyo tofauti niliyo na wasiwasi nayo.

Mjumbe wa sinodi akiniuliza apige kura gani, sitamwambia akatae wala akubali. Kuna hoja nzuri kwa kila upande na nimejaribu kuzieleza bila kuzipunja. Nitamwomba asimame kabla ya kura aulize maswali ambayo hayapo kwenye rasimu. Dayosisi rafiki yetu ya Uingereza, tutaiandikia barua au tutanyamaza? Mgeni wao akifika stendi ya Morogoro mwezi wa saba, nani atakwenda kumpokea, na atalala wapi? Tukiona wamekosea, nani atapanda ndege kwenda kuwaambia ana kwa ana, kama Nsibambi na Church walivyoambiana? Mama wa Lincoln aliyefiwa mwaka huu, jina lake litabaki kwenye karatasi ya zamu, na nani wa parokia yetu atakayelisoma siku yake ikifika?